Washona Vivuli

Nelima hakuwa mtu wa kugombana na wazee. Lakini Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mzee Indravadan, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha vitabu pale Eneo la Viwanda Thika, na alikuwa amepandisha sauti mpaka wafanyakazi wakazima mashine ili wasikie vizuri.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni kitabu chako."

"Jalada liko upande gani?"

Mzee Indravadan akavaa miwani, akakigeuza kitabu, akakigeuza tena. "Liko mbele. Jalada hukaa mbele."

"Hapo si mbele! Hapo ni mwisho! Umebandika jina la kitabu kwa ukurasa wa mwisho!"

"Binti, miaka arobaini mimi nachapisha. Kadi za harusi, vitabu vya nyimbo za kanisa, kalenda za dukawallah wote wa Thika. Kitabu kinafunguliwa hivi." Akakifungua vile kila mtu Kenya hufungua kitabu. Mbele ya macho ya Nelima ukatokea ukurasa wa arobaini na nane, kana kwamba ndio mwanzo. Nelima alihisi damu inampanda kichwani.

Kile hakikuwa kitabu cha kufunguliwa hivyo. Kilikuwa hadithi ya picha, ile aina ya Kijapani wanayoita manga, ambayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Unaanza pale ambapo vitabu vingine vinaisha. Nelima alikichora kwa miaka miwili, jioni baada ya kazi, na vidole vyake bado vina nyuzi za kiwanda cha nguo. Khisa, mdogo wake, ndiye aliyepanga hadithi, ukurasa kwa ukurasa. Na kazi ya mwisho, kazi moja tu ndogo ya kumwambia mchapishaji kitafunguliwa upande gani, ilikuwa ya Khisa.

"Mngeniambia!" Mzee Indravadan naye sasa alikuwa amekasirika. "Madrasa ya hapa Thika nimewachapishia vitabu, vinafunguliwa kulia, hakuna shida hata kidogo. Lakini walisema! Huyu ndugu yako ameandika nini? Soma mwenyewe." Akatoa fomu kwenye droo na kuigongagonga kwa kidole. Kurasa arobaini na nane. Wino mweusi. Jalada gumu kidogo. Basi. Na saini ya Khisa chini yake, imekunjwakunjwa kama ya waziri.

Nelima akageuka polepole. Khisa alikuwa kando ya mlango, anajifanya anasoma kalenda.

"Nilidhani anajua," Khisa akasema. "Manga ni manga."

"Anajua kutoka wapi? Kwani alizaliwa Tokyo?"

Mmoja wa wafanyakazi akacheka. Nelima akamtolea macho.

Kusema kweli, mtu mwingine angekasirika kiasi, apige kelele, yaishe. Jalada ni gamu tu na karatasi. Mzee Indravadan mwenyewe, alipopoa, alisema atayabandua majalada yote ayaweke upande wa pili, Jumanne wachukue. Lakini Nelima hakuwa amekasirikia jalada. Alikuwa na hasira ya miaka sita, na yote alikuwa ameitia ndani ya kitabu hiki.

Sikiliza. Walikuwa watatu, Nelima, Simiyu na Khisa. Simiyu ndiye aliyewafundisha kusoma manga. Alikuwa anazisoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, amelala kifudifudi sakafuni, na Nelima alipojaribu kuanzia kushoto alimpiga kofi la mkononi. "Wee! Ukisoma hivyo mtu atakufa kabla hajazaliwa." Kisha siku moja, akiwa na miaka kumi na saba, Simiyu aligongwa na gari akivuka barabara kuu pale Ruiru mjini. Nelima alikuwa zamu kiwandani Thika, Khisa alikuwa Bungoma kwa likizo. Walimzika kwao Bungoma, wakanyolewa nywele siku ya tatu kama desturi, wakarudi nyumbani Mwiki. Na wiki hiyo hiyo mama yao, Bridget, akashusha picha ya Simiyu ukutani, akagawa nguo zake, akasema, "Hilo jina sitaki kulisikia ndani ya nyumba hii."

Wakadhani ni machungu ya siku mbili tatu. Ilikuwa miaka sita. Ukisema "Simiyu" mezani, Mama anainuka, anaacha chakula. Wakati mmoja Khisa alimwota Simiyu, na asubuhi alipoisimulia ndoto hiyo Mama akamwambia atoke nje kama anataka kuongea na mashetani. Mashetani! Mtoto wake mwenyewe! Nelima alimeza hilo neno na halijawahi kushuka.

Ndiyo maana wakachora Washona Vivuli. Hadithi yenyewe ni ya watoto watatu katika mji ambapo kuna uchawi mmoja umepigwa marufuku, uchawi wa kushona vivuli. Ukurasa wa kwanza watoto watatu wanakula ugali na mama yao. Wa kati anakufa. Dada na kaka wanaiba sindano ya mama, ambaye ni mshonaji, na wanakishona kivuli cha ndugu yao ukutani, usiku na mchana, mpaka kivuli kinaanza kusogea, kinakaa nao mezani, kinacheka. Halafu mama anagundua. Anachukua mkasi. Anakata uzi mmoja mmoja, watoto wanamshika miguu, yeye anakata tu. Kisha anapaka ukuta chokaa. Ukurasa wa arobaini na nane ni ukuta mweupe, na mama mbele yake na mkasi mkononi.

Kitabu hakina neno hata moja ndani. Nelima ndiye aliyeamua hivyo. Kama jina halitajwi nyumbani, alisema, basi na kitabu kisiseme kitu, Mama aangalie tu mpaka afike kwa huo ukuta ajione.

"Sawa, Jumanne," Nelima akamwambia Mzee Indravadan, na akaomba radhi kwa kumpandishia sauti, maana mama yake alimlea hivyo hata kama wana vita. "Lakini zote ziko hapa?"

"Zote. Toa ile moja ndugu yako alibeba jana."

Nelima akamwangalia Khisa. Khisa akawa mdogo.

"Nilimwachia Mama asubuhi," akasema. "Juu ya cherehani. Si tulikubaliana asome yeye wa kwanza?"

"Uliona jalada?"

"Nilikuwa nachelewa. Sikufungua."

Aki ya Mungu, kuna watu walioumbwa ili wakuue pole pole, na wengine wao mmetoka tumbo moja.

Saa sita walikuwa Mwiki, wanatembea haraka kutoka steji kwenda kwa ploti yao, Nelima mbele na Khisa nyuma akijaribu kumfikia. Boda boda zilikuwa zinapiga honi, watu wanachoma mahindi, na Nelima haoni kitu.

"Sasa atakuwa amesoma nini?" alikuwa anauliza hewa. "Ameanza na mkasi. Ameanza na ukuta mweupe. Halafu?"

Khisa akafikiria. Yeye ndiye anayeijua hadithi kwa kichwa. "Halafu anaona nyuzi zinarudi," akasema polepole. "Ukuta unapata kivuli. Kivuli kinakaa mezani. Halafu mazishi, halafu... Nelima. Halafu anafufuka. Mwisho kabisa tunakula ugali, wote."

Nelima akasimama katikati ya njia. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akamzunguka akinung'unika.

"Kwa hivyo mimi nimekesha miaka miwili," Nelima akasema, "ili nimchoree Mama kitabu cha kumbembeleza."

"Labda si mbaya."

"Ati nini?"

"Nasema labda tuwache hivyo. Asome hivyo, afurahi. Ni nini tutapoteza?" Khisa alikuwa anahema. "Mimi nimechoka na vita, dada. Yeye pia amechoka, humwoni? Wacha tu."

"Wewe ulifukuzwa nje ukaambiwa unaongea na mashetani, na unasema niwache?"

"Ndiyo. Mimi ndiye nilifukuzwa, na nasema wacha."

Nelima akaanza tena kutembea, haraka zaidi. Hapo ndipo alipomkasirikia kuliko wakati wowote.

Chumba chao kilikuwa cha kwanza ukiingia lango, Mama hupenda hapo kwa sababu wateja wa sare za shule humwona wakipita. Cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, vitambaa vya kijani vimemzunguka miguuni, miwani imesukumwa juu ya paji la uso, na kitabu kiko mapajani. Alikuwa amelia. Si kulia kwa kelele, la, uso tu ulikuwa umelowa na hakuwa amejishughulisha kuupangusa.

"Mmekuja," akasema. "Kaeni. Kuna chai."

Hakuna aliyekaa.

"Nimekisoma mara tatu." Akapitisha kiganja juu ya jalada vile anavyonyoosha kitambaa. "Mayi, binti yangu, sikujua mkono wako unaweza kitu kama hiki. Mimi nilidhani unajichoreachorea tu. Hapa mwanzo huyu mwanamke na mkasi, nikasema huyu ni mimi, hawa watoto wamenichora vibaya. Nikataka kukifunga. Lakini nikaendelea, nikaona amekata, na bado nyuzi zinarudi. Zinarudi tu zenyewe. Na huyu mtoto anatoka kwa ukuta, anatoka hata kwa jeneza." Akafungua kitabu kwenye picha ya mezani. "Mpaka anakula. Mmempa hata ile sahani yake ya bluu."

Nelima akaiangalia hiyo sahani. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Akamwangalia Khisa, na macho ya Khisa yalikuwa yanamsihi. Wacha tu, yalisema. Na Nelima, wallahi, alikuwa karibu kuwacha. Alikuwa ameshavuta stuli akae anywe hiyo chai.

Kisha Mama akafunga kitabu, akapangusa uso kwa upindo wa leso, akasema, "Mmemaliza vizuri. Mungu awabariki. Sasa hayo mambo yameisha, nitakiweka kwa sanduku pale chini. Tusiyarudie tena."

Tusiyarudie tena.

Stuli ikaanguka. Nelima hakujua kama aliiangusha yeye.

"Umeisoma nyuma mbele," akasema.

"Nelima," Khisa akasema.

"Nyamaza! Mama, umeisoma nyuma mbele. Mzee wa kuchapisha aliweka jalada kwa mwisho. Hadithi haianzi na mkasi. Inaishia na mkasi."

Mama alimtazama bila kuelewa. Nelima akamnyang'anya kitabu, alimnyang'anya mama yake kitu mkononi, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu azaliwe, akakigeuza, akamrudishia mapajani kikiwa kimefunguka upande wa kulia. "Anzia hapa. Hivi ndivyo vinasomwa, kutoka huku kuja huku. Simiyu ndiye alitufundisha."

Jina lilikuwa limetoka. Lilikuwa hapo katikati ya chumba na hakuna aliyejua alipeleke wapi. Nelima alingoja Mama ainuke kama kawaida yake. Mama hakuinuka. Akashusha miwani machoni, akaanza kusoma.

Alisoma polepole sana. Ugali wa watu wanne. Mazishi. Sindano. Kivuli kikichekea mezani. Khisa aliokota stuli akaikalia, kichwa mikononi. Nje Mama Karanja, jirani, alikuwa anafua nguo na redio yake inaimba nyimbo za kanisa, na ndani hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa karatasi. Mama alipofika pale mkasi unapotokea, alifungua ukurasa uliofuata, na uliofuata, mpaka ukuta mweupe. Akageuza tena kuona kama kuna kitu zaidi. Hapakuwa na kitu.

"Kwa hivyo hivi ndivyo mnanikasirikia," akasema.

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

Khisa hakuinua kichwa. "Ndiyo, Mama," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ushushe picha," Nelima akasema, na sasa hakuweza tena kujizuia, maneno yalikuwa yanasukumana mlangoni. "Mimi nilikuwa na miaka ishirini, huyu alikuwa na kumi na nne. Kumi na nne, Mama! Alikuwa analia na blanketi mdomoni ili usimsikie. Kila mtu ploti hii alitupatia pole, hata watu hatujui, na wewe ukatuambia tusilitaje. Tulimzika mara moja Bungoma, halafu wewe ukamzika tena hapa kila siku. Ulikuwa na haki gani? Alikuwa mtoto wako, sawa. Na alikuwa nani wetu?"

Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kijani, anakikunja, anakikunjua.

"Nilimtuma uzi," akasema.

"Nini?"

"Uzi. Wa rangi hii." Akainua kitambaa kidogo. "Shule zilikuwa zinafungua Jumatatu na mzazi mmoja alikuwa amekaa hapo hapo unaposimama, ananingoja, ananiambia nimemchelewesha. Uzi wa kijani ukaisha, na Mwiki yote haikuwa nao. Yeye alikuwa amelala hapo chini na simu yake. Nikamwita mara ya kwanza, hakusikia. Nikamwita tena. Nikapiga kelele. Simiyu! Simiyu, wewe kijana ni mvivu, amka uende Ruiru mjini haraka! Na kama umechelewa usirudi!" Alilisema kwa sauti ile ile ya siku ile, na Khisa akashtuka. "Daraja la watu kuvukia barabara liko pale. Mtoto ambaye hajatumwa haraka huwa anapanda daraja."

Mama akakiweka kitambaa juu ya cherehani.

"Mnasema nilikataza jina lake. Mimi nikilisikia simsikii yeye, najisikia mimi. Hata mlitaje kwa upole namna gani, nasikia ile sauti yangu ikimwita aende akafe. Ningewaambia nini? Ningeanzia wapi? Nikasema heri nife nalo."

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nelima alikuwa amejitayarisha kwa mengi, kwa mama kumfokea, kwa maombi, kwa kufukuzwa hata. Hakuwa amejitayarisha kumhurumia, na alipoona huruma inakuja aliikasirikia hiyo pia, kwa sababu miaka sita yake ilikuwa bado iko pale pale na hakuna aliyekuwa ameilipa.

"Ungetuambia," akasema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Hata mimi ningekukasirikia, ningekukasirikia mwaka, miaka miwili, halafu ingeisha. Badala yake ukatuacha na hewa. Uliondoka na kaka yetu ukamfungia peke yako."

"Ndiyo," Mama akasema. "Nilifanya hivyo."

"Usiniambie ndiyo!"

"Unataka nikwambie nini, mayi? Nimekosa. Nimewakosea. Kitabu chenu ni cha kweli."

Nelima alitembea mpaka dirishani akarudi. Chumba kilikuwa kidogo, hatua nne kwenda na nne kurudi, hakuna mahali pa kupeleka hasira ya saizi ile. Akasimama mbele ya mama yake.

"Basi mwite," akasema.

"Dada, imetosha," Khisa akasema.

"Haijatosha. Mama, hiyo ndiyo mara ya mwisho ulimwita, na ulimwita kumtuma. Mwite tena. Mwite bila kumtuma mahali."

Mama akatikisa kichwa. Mikono yake, mikono inayokata vitambaa bila kuchora chaki, ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa cherehani.

"Siwezi."

"Utaweza."

"Simiyu," Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kifua chake.

"Hivyo hatasikia," Nelima akasema.

Mama akavuta pumzi. Kisha akaita. Aliita kama vile akina mama wa Mwiki huita jioni chakula kinapokuwa tayari, na herufi ya mwisho imevutwa mpaka lango, bila hasira na bila haraka. "Simiyuuu!" Nje redio ya Mama Karanja ikazimwa, na sauti yake ikasikika ikiuliza, "Ngai! Mungu wangu, Mama Nelima, kuna nini?" Mama akafumba macho. Aliita tena, kwa nguvu zaidi, huku machozi yanamwingia mdomoni, na safari hii Khisa alikuwa amesimama wima.

Na Nelima, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na hasira yake yote bado anayo, akajikuta amezuia pumzi asikie kama Simiyu ataitika.